Ukuta wa Chumba cha Ezra

Saumu alinipigia simu saa nne asubuhi. Nilikuwa juu ya paa la watu wengine nikigombana na fundi bomba, nikapokea kwa ukali. Yeye akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada Perpetua, ukuta umegoma."

Nikamjibu kuta zangu hazigomi. Ndivyo nilivyo mimi, mtu akigusa kazi yangu naruka kwanza, kuuliza baadaye. "Ukuta gani?"

"Wa chumba cha..." Akajirekebisha. "Wa kati. Ulitakiwa uje upande wetu, haujaja."

"Tangu lini?"

"Siku nyingi, dada. Tulikuwa tunaona aibu kusema. Lakini sasa mama mkwe yuko hapa, amepata kiharusi, anaugulia kwenye korido. Njoo uone mwenyewe."

Hakulitaja jina la mtoto, na mimi sikulitaja. Ezra wa Yusta na Elia Chilongani alikuwa amefariki miezi minane iliyopita, mwenye miaka sita, selimundu, ule ugonjwa wa damu, ilimchukua ndani ya siku tatu. Mazishini nilikuwepo. Kwa hesabu ya kichwani, chumba chake kilitakiwa kiwe kimehama zamani sana, maana nyumba ile niliichora mimi na kanuni zake nazijua. Nikamwachia fundi bomba ushindi, nikashuka.

Nyumba yenyewe iko Nala, nje kidogo ya Dodoma mjini. Ina geti moja, bomba moja la maji, na familia mbili chini ya paa moja. Siku hizi hupati kibali cha kujenga kwa namna nyingine. Tangu visima vishuke, serikali inagawa bomba moja kwa kila familia mbili, na watu wanalazimika kutafutana kama wachumba. Yusta na Saumu hawakutafutana. Walikuwa wakifundisha shule moja ya msingi miaka kumi, Yusta hesabu, Saumu Kiswahili, na siku sheria ilipotoka walikuja ofisini kwangu wameshikana mikono, wanacheka, na waume zao nyuma wamebeba mafaili.

Hatibu, mume wa Saumu, alinifungulia geti. Hakunitazama machoni.

"Karibu, Bi Perpetua. Samahani kwa usumbufu."

"Mama yuko wapi?"

Akanionyesha kwa kidevu. Korido ya nyumba ile inaunganisha majiko mawili, niliipanua makusudi ili watu wapishane na vyungu bila kugongana. Sasa ilikuwa imefungwa khanga mbili kwenye kamba, na nyuma ya khanga kitanda cha chuma. Nikamwamkia Bi Asumini. Akaitikia marahaba kwa upande mmoja wa mdomo, akavuta shuka mpaka shingoni. Mwanamke wa Pangani, mtu wa kujistahi, alikuwa anaoshwa na mkwewe mahali ambapo kila anayetaka chumvi lazima apite.

"Hanywi maji," Saumu aliniambia pembeni. Macho yake yalikuwa mekundu. "Tangu jana ni nusu kikombe. Anaogopa kuomba beseni watu wakiwa wanapita. Daktari amesema akiendelea hivi figo zitakufa, na mgongoni ameshaanza vidonda. Anatakiwa awe kwenye chumba chenye mlango, ageuzwe, asitiriwe. Kile cha kati kingetosha. Tumesubiri, dada. Arobaini ilipita, tukasema labda nyumba ina huruma. Miezi ikapita. Siwezi kumgongea Yusta nikamwambia nataka chumba cha mwanawe. Kwa mdomo gani?"

Nikamwambia nyumba haina huruma, ina vipimo. Nikakaa sebuleni nikafungua kishikwambi.

* * *

Nieleze kidogo, maana bila hili hutaelewa nilichofanya.

Ukuta wa chumba cha kati umekaa kwenye reli, na milango yake ni miwili, mmoja kila upande. Ukuta ukisogea, mlango mmoja unafungwa na mwingine unafunguka. Chumba kinakwenda kwa familia yenye uhitaji, na anayepima uhitaji ni mtambo wa nyumba, tulioupa jina la Mizani. Mizani haoni wala hana kamera. Wanawake wale walikataa kamera siku ya kwanza kabisa, nami niliwaunga mkono. Anachojua ni uzito na joto kutoka chini ya magodoro. Mtu akilala saa mbili tu ndani ya siku, chumba kina mwenyewe. Kitanda kikikaa kitupu siku arobaini mfululizo, na upande wa pili umebanana, ukuta unahama.

Arobaini ilitoka kwa Yusta mwenyewe. Nilikuwa nimeandika tisini. Akaniambia, "Tisini za nini? Hata msiba tunaumaliza arobaini, watu wanarudi kwenye maisha yao." Alikuwa na Ezra mapajani, anatafuna kalamu yangu. Wote tukaafiki. Hatukuwa tunazungumzia kifo, tulikuwa tunazungumzia watoto watakaokwenda shule za bweni na wageni watakaokaa mno.

Kulikuwa na njia ya pili ya kuhamisha chumba bila kusubiri. Niliwauliza kama wanataka fomu ya kujaza. Hatibu akasema fomu za nini, sisi si mahakamani, mtu akitoa chumba aseme kwa mdomo wake mbele ya mwenzake, yatosha. Kwetu jambo zito halimalizwi kwa karatasi, linasemwa, na anayesemewa anakuwa shahidi. Nikaipenda sana hiyo. Basi nikaweka hivi: mwenye chumba anataja jina la anayeondoka, anasema ameondoka kwenda wapi, na mmoja wa upande wa pili anaitikia. Nilijisifu hata mbele ya wasanifu wenzangu, kwamba mimi nimejenga nyumba inayosikiliza watu wake wanavyoagana.

Basi. Sasa nikamuuliza Mizani habari za chumba cha kati.

"Chumba cha kati kina mtu," Mizani akajibu, kwa ile sauti yake ya upole niliyoichagua mwenyewe kati ya sauti kumi na mbili. "Ezra Chilongani. Kilo kumi na nane na gramu mia sita. Jana amelala kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na robo. Anakua vizuri."

Saumu alikuwa amesimama mlangoni. Akaziba mdomo kwa khanga, akatoka nje.

Mimi nilibaki nimekodoa macho. Wazo la kwanza lilikuwa kipimo kimeharibika. Nikavuta takwimu za siku zote, toka mazishi. Siku nne za msiba hapakuwa na kitu. Halafu, siku ya tano, kilo kumi na saba kamili. Kila mchana, saa nane, siku za kazi na za mapumziko. Kipimo kibovu huwa kinayumba. Hiki kilikuwa kimetulia kuliko binadamu. Mtoto hata akiwa usingizini anajigeuza, anatupa mguu. Uzito huu haukugeuka hata mara moja.

Kisha nikaangalia joto. Mtoto anapopanda kitandani, godoro ni baridi, na linapata joto pole pole kutoka kwake mpaka linatulia. Hapa joto lilianza juu, juu kabisa, likashuka kidogo kidogo saa mbili nzima bila kupumzika. Kitu kile hakikuwa kinatengeneza joto. Kilikuwa kinapoa.

Nikaelewa. Sikutaka, lakini nikaelewa.

* * *

Nilimsubiri jikoni kwake. Saa saba na nusu Yusta aliingia na mkoba wa shule na chaki kwenye kiwiko. Alikuwa amekonda. Hakushtuka kuniona, akaweka mkoba juu ya meza.

"Karibu, dada. Za mjini?"

"Nzuri. Pole na kazi."

"Nimeshapoa. Chakula hakipo, utanisamehe."

Akatoa sufuria kubwa chini ya meza, imejaa mchanga, akaibandika jikoni. Akaanza kuukoroga kwa mwiko, taratibu, vile tunavyofanya tukitaka kukaanga karanga. Lakini karanga hazikuwepo. Nilikaa pale nikamwangalia. Mchanga ulipopata moto akatia kidole, akachomoa, akatia tena, akaridhika. Kisha akatoa sweta. Sweta ya bluu ya chekechea, imeshonwa chini na mikononi, na shingoni ina kamba ya kukazia. Akawa anachota kwa kikombe na kumimina, na kila akimimina anaweka sweta juu ya mizani ya kupimia unga.

"Yusta."

"Ngoja, dada, nisipoteze hesabu."

Alipofika kumi na nane na mia sita akafunga kamba. Alifunga fundo la kipepeo, lile la viatu vya watoto.

"Ilikuwa kumi na saba," nikasema.

"Ndiyo. Naongeza gramu mia mbili kila mwezi." Akafuta mikono kwenye sketi. "Mtoto wa umri ule, mwenye afya, ndivyo anavyoongezeka. Ezra hakuwahi kuongezeka hivyo, unajua. Kuna mwaka alipungua. Nikasema safari hii namwongeza kama watoto wa watu."

Nilitakiwa niende nikamshike. Mtu yeyote mwenye moyo angekwenda kumshika. Mimi nikabaki kwenye kiti, nikaanza kuongea kikazi.

"Bi Asumini hanywi maji, unajua?"

"Najua. Uji wake wa asubuhi naupika mimi. Unafikiri sioni? Napita pale kwenye ile khanga mara ngapi kwa siku? Kila nikipita najichukia."

"Basi sema, mdogo wangu. Mwite Saumu, mtaje, sema ameondoka. Ni neno moja."

"Neno moja lipi?"

Nikaitazama sufuria ya mchanga.

"Hata wewe huwezi," alisema, bila hasira. "Umekuja hapa tangu asubuhi, na jina lake hujalitaja. Kanisani hawamtaji. Shuleni walimu wakiniona wanabadilisha mazungumzo. Baba yake anakuja kutoka Manyoni mwisho wa mwezi, anakaa anaangalia dari, tunakula, anaondoka. Mizani peke yake ndiye anayemwita. Nikimlaza tu, baada ya muda naambiwa, Ezra amelala. Ezra anakua vizuri. Hashushi sauti akilisema jina. Nikisema ameondoka, Mizani naye atanyamaza, na hapo nitakuwa sina mtu."

Akaubeba ule mzigo begani. Akauweka mkono mmoja chini, mwingine mgongoni, akaondoka nao taratibu asije akauamsha. Nikamfuata. Chumba kilikuwa kisafi. Akaulaza, akaufunika, akakaa chini sakafuni na kuegemeza kichwa kwenye ubavu wa kitanda.

Na mimi nikasema neno ambalo nikilikumbuka naungua. Nilisema, "Yusta, huu ni wizi. Unamwibia mgonjwa."

Hakunigombeza. Alisema tu, "Nakuomba unipishe, dada. Unapoa."

* * *

Siku tatu nilibaki na siri ile, na ilinikalia vibaya. Saumu aliuliza, nikamwambia nachunguza. Hatibu aliuliza, nikamwambia vilevile. Nisingeweza kuwaambia kwamba jirani yao, rafiki yao, kila mchana analaza mchanga kitandani huku mama yao amelala njiani. Wangemchukia. Au wasingemchukia, wangelia naye, na Bi Asumini angeendelea kukaa palepale. Njia zote mbili sikuzitaka.

Lakini kulikuwa na njia ya tatu, na nilikuwa nayo mfukoni. Mchoraji wa nyumba za namna hii anapewa kauli yake mwenyewe, ya dharura, moto ukitokea au reli ikikwama na mtu ndani. Anamwambia Mizani, na Mizani anatii bila kumuuliza mwenye chumba. Katika nyumba kumi na nane nilizojenga sikuwahi kuitumia hata mara moja.

Jumamosi asubuhi Saumu akaniletea ujumbe. Bi Asumini alikuwa ameamka hajui yuko wapi, midomo imepasuka, wamempeleka zahanati wakamtundikia maji, na muuguzi amewaambia wazi kwamba wakimrudisha kwenye ile korido watarudi na maiti. Waliruhusiwa saa sita. Hawakuwa na pengine pa kumpeleka.

Nilifika saa sita na nusu. Yusta hakuwepo. Nikampigia, simu haipatikani. Nikapiga tena na tena. Nikaingia chumba cha kati. Kitanda kilikuwa kitupu, mchanga uko kwenye beseni sakafuni, umepoa. Dirishani nikaona ile sweta kwenye kamba ya nguo, imefuliwa, na nyuzi zote za kushonea zimefumuliwa. Mikono ilikuwa wazi. Upepo unaichezea.

Niliiona kwa macho yangu mawili. Nikadhani ameifua tu, ataishona tena, atarudi saa nane na kuanza upya. Sikufikiria zaidi ya hapo. Mimi ambaye nililipwa kusoma maisha ya watu kwenye mstari wa ramani nikashindwa kusoma sweta.

Nje Hatibu alikuwa anateremsha mama yake kwenye gari, amembeba mikononi. Kichwa cha mama kilikuwa kimelala upande.

Nikajiambia maneno mazuri. Nikajiambia namwondolea Yusta kitu asichokiweza. Kwamba akirudi atakuta limekwisha, atalia, atanilaani mimi badala ya kujilaani yeye, na siku moja atanishukuru. Nikajiambia ni huruma. Ilikuwa huruma, sikatai. Ila nilikuwa pia nimechoka kubeba siri, na nilitaka niende nyumbani.

"Mizani," nikasema. "Kauli ya msanifu."

"Nakusikia, msanifu. Sababu?"

"Kipimo cha kitanda cha chumba cha kati ni kibovu."

"Nimepokea. Chumba kina mkaaji, Ezra Chilongani. Nimhamishie chumba gani?"

"Hakuna."

"Nimwondoe kwenye nyumba?"

Ni neno moja, ndivyo nilivyomwambia mama yake.

"Mwondoe," nikasema, na kwangu lilitoka kirahisi.

Ukuta ulichukua dakika arobaini na kitu. Unakwenda polepole ili mtoto au kuku asibanwe. Mlango wa upande wa Yusta ukamezwa na ukuta, ule wa upande wa Saumu ukatokea. Hatibu alitoa kitanda kidogo akakipeleka sebuleni kwa Yusta, akakunja shuka zake vizuri, kona kwa kona, machozi yanamtiririka na hayafuti. Walidhani Yusta ameridhia. Nilipomwambia Saumu kwamba mambo yamekaa sawa, sikudanganya kwa maneno. Tukamwingiza Bi Asumini, tukafunga mlango. Nyuma ya mlango nilimsikia akiomba maji. Alikunywa vikombe viwili, Saumu alipotoka nje akanishika mikono yote miwili akaibusu. Nilikuwa na furaha kidogo wakati ule, lazima niseme.

* * *

Yusta alirudi saa tisa. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, na magotini vumbi jekundu. Nilimwona tangu getini. Uso wake ulikuwa umelegea, ule wepesi wa mtu aliyelia mpaka ukingoni akafika. Alipita moja kwa moja mpaka kwa Saumu aliyekuwa anaanika shuka uani.

"Saumu," alisema. "Nakuomba uje. Nataka useme ndiyo mbele yangu."

"Nije wapi, mwenzangu?"

"Chumbani. Nimetoka Hombolo, kaburini." Hombolo ndiko kwao Elia, ndiko Ezra alikolazwa, na huko simu haishiki. "Nimekaa naye toka alfajiri. Nimemwambia kuna bibi anaumwa anahitaji kitanda chake. Nimemwomba ruhusa. Ilinichukua muda, nilishindwa mara nyingi, lakini mwishoni lile neno nimelisema pale, kwa sauti. Sasa nimekuja nilisemee hapa kwake. Njoo kabla sijaogopa tena."

Saumu akageuka akanitazama mimi. Nadhani habari ilimfikia pale pale, nzima. Shuka ikamtoka mikononi.

Yusta hakungoja. Aliingia ndani. Tulimfuata sote wawili, na tulimkuta amesimama mwisho wa varanda yake ya ndani, mbele ya ukuta mtupu, pale mlango ulipokuwa. Akaupapasa. Akaenda kushoto hatua mbili, akarudi kulia. Kisha akaona sebuleni kile kitanda kidogo na shuka zilizokunjwa juu yake.

"Nani amesema?" akauliza.

"Yusta, nilidhani..." nikaanza.

"Nani alimsemea mwanangu?"

"Mimi. Nilitumia kauli yangu. Nilidhani nakusaidia, nilikupigia simu, Bi Asumini alikuwa..."

"Ulimsemaje?"

Ningeweza kudanganya. Nilitaka sana kudanganya. "Nilisema kitanda ni kibovu," nikasema. "Halafu nikasema aondolewe."

Akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, mtu anayefanya hesabu akaona jibu halikubali. Akajinyoosha gauni. Akautazama ukuta na kuanza, kwa sauti ya darasani, ile anayotumia watoto wakimsikiliza.

"Mizani. Mimi ni Yusta Chilongani, mama yake Ezra. Ezra Chilongani ameondoka katika nyumba hii. Amefa..."

"Samahani, Yusta," Mizani akasema kwa upole wake wote. "Jina hilo halipo katika nyumba hii. Ungependa kulitaja tena?"

Nilikimbilia kishikwambi. Nikatafuta mahali pa kumrudisha, hata kwa dakika moja tu, aweze kumaliza sentensi yake. Sikupata, kwa sababu sikuwa nimeweka. Mkaaji anasajiliwa kwa uzito na joto lake chini ya godoro, siku saba mfululizo. Hivyo ndivyo nilivyopanga, ili watu wasidanganye majina. Nikamwomba Mizani, nikamwamuru, nikamtukana. Akanijibu kila mara kwamba jina hilo halipo.

Saumu akasogea mpaka akawa kati ya Yusta na ukuta. Alikuwa analia waziwazi. "Niambie mimi," alisema. "Achana na nyumba. Mimi ndiye ninayetakiwa kuitikia, niko hapa. Niambie mimi, dada yangu. Ezra wetu ameondoka kwenda wapi?"

Yusta akafungua mdomo. Tulimwona anajaribu. Midomo ikakutana kwa ajili ya lile neno, ikaachana. Akajaribu tena. Nyuma ya ukuta Bi Asumini alikohoa, akamwita Saumu kwa jina, akauliza kama mama Ezra amesharudi, maana anataka kumshukuru.

Yusta alifunga mdomo.

"Nenda, anakuita," alimwambia Saumu. Akapiga magoti sebuleni, akachukua ile shuka ya juu, akaikunjua, akaanza kutandika kitanda kidogo katikati ya chumba, anavuta pembe moja moja mpaka ikakaa sawa. Mimi akanipita kana kwamba sipo. Nilisimama pale mpaka alipomaliza, nikangoja anitukane, hakunitukana.

Mwaka wa pili sasa. Bi Asumini anakaa kitandani mwenyewe, anakunywa maji anavyotaka, na Saumu ananiambia bado wanapika pamoja. Nyumba inafanya kazi. Wageni wa serikali wanaletwa kuiona. Nimemwandikia Yusta barua tano, na ya mwisho nilimwandikia kwamba nimebadilisha kanuni katika nyumba zote mpya, kwamba hakuna jina litakaloondolewa tena na mtu asiye mzazi. Alinijibu hiyo moja tu, kwa mwandiko wake wa ubaoni, mstari mmoja. Aliniandikia kwamba lile neno alilisema mara moja, Hombolo, pasipokuwa na mtu, na tangu siku ile halijamtoka tena.